Nairobi ya Kifuniko cha Soda

Mimi nimewahi kupoteza Nairobi. Msicheke. Niliipoteza yote, na Ikulu yake na stesheni ya reli, Jumanne asubuhi, Kawangware, kati ya kikombe cha kwanza cha chai na cha pili. Niliitafuta kwenye nyasi, nikaitafuta kwenye mtaro, nikaitafuta ndani ya makopo ya rangi. Nilishuku hata kuku. Kulikuwa na jogoo mweupe pale kwenye plot niliyemwangalia vibaya wiki nzima, maskini, na hakuwa na hatia.

Wacha niwaeleze vizuri. Nyinyi vijana mkisikia mtu wa mabango mnafikiria ile mashine inayotema plastiki yenye picha. Sisi tulitumia mkono. Miaka ya tisini, mtu akitembea kutoka Sarang'ombe mpaka Soweto West, huko Kibera, nusu ya vinyozi, bucha na makanisa ya mabati aliyopita iliandikwa na mimi, na ile nusu nyingine iliandikwa vibaya. Watoto waliniita Fundi Rangi. Watu wazima waliniita Baba Nekesa, kwa sababu ya binti yangu wa kwanza. Nilikuwa nimepanga chumba kimoja Soweto West, mimi, mke wangu na watoto watatu, na makopo yalilala chini ya kitanda.

Sikusomea kazi hii popote. Nilifundishwa na Fundi Zablon, mzee mmoja kutoka Nyanza, mwembamba, mwenye kofia ya sufi aliyovaa jua au mvua. Siku ya kwanza alinipa msasa na ukuta. Siku ya pili, msasa na ukuta. Siku ya tatu nikamuuliza brashi nitaona lini. Akasema, "Omera, ndugu yangu, ukuta haujakujua bado." Nilidhani ananizungusha. Kumbe ukuta wa udongo hunywa rangi kama ng'ombe aliyetoka malishoni, na usipoulisha kwanza rangi ya maji, mara mbili, ukaacha ukauke mpaka mgongo wa mkono usihisi ubaridi, herufi zako zitabanduka kabla mwenye duka hajamaliza kukushukuru. Mabati nayo ni kinyume, hayanywi kitu. Yasugue, yafute na mafuta ya taa, halafu ndio uweke rangi ya mafuta. Hayo shikeni hata kama mtaishia kupaka mlango wa mama yenu tu.

Makosa nilifanya mengi. Bucha moja ya Sarang'ombe nilichora ng'ombe anatabasamu. Nilimpenda sana yule ng'ombe. Mwenye bucha akasimama, akamtazama, akaniuliza, "Fundi, huyu anajua anapelekwa wapi na anacheka nini?" Nikampaka mdomo upya. Akabaki na huzuni, na nyama ikauzika vilevile.

Lakini kazi iliyonipa jina ilikuwa ramani. Wakati huo shule ndogo ndogo zilikuwa zinachipuka mitaani, moja nyuma ya kanisa, nyingine juu ya duka, na kila mwalimu mkuu alitaka ramani ya Kenya ukutani, mikoa yote minane. Vitabu vilikuwa haba na ukuta hauraruki. Na Zablon alikuwa na siri. Alikuwa amekata mikoa minane kwa plaiwudi, kila mkoa kipande chake. Unaanza na Bonde la Ufa, kwa sababu limelala katikati na linagusa karibu kila mtu. Unaligandisha ukutani kwa kiganja, unazungusha penseli, unaweka Mashariki kando yake, halafu Kati, Magharibi, Nyanza, Kaskazini Mashariki, Pwani. Mwisho kabisa Nairobi, kipande kidogo kama kiberiti. Nusu saa, nchi imekamilika. "Mzungu ilimchukua miaka sabini," Zablon alipenda kusema. "Na bado alikosea mahali."

Alijua alichosema. Kabla ya uhuru alikuwa amebeba mnyororo wa maseveya, wale wapimaji wa ardhi, akatembea nao mipakani, mtu na kigingi, mtu na kigingi. Ndiye aliyenifundisha historia ambayo mwalimu wangu wa darasa la sita aliipitia haraka. Kwamba nchi hii ilikatwa kama nguo inavyokatwa kwa fundi cherehani, ikaongezwa huku, ikapunguzwa kule. Pwani, ule ukanda wa kando ya bahari ulikuwa wa Sultani, Mwingereza akausimamia tu, na bendera ya Sultani ikapepea Mombasa mpaka uhuru. Kule mashariki Waitaliano walipewa kipande kizima cha Juba. Turkana ililetwa kutoka Uganda. Magharibi na Nyanza zilikuwa mkoa mmoja, zikatenganishwa uhuru ukibisha hodi.

"Na wewe," akaniambia siku moja tukila githeri, "babu yako alizaliwa Uganda."

Nikamwambia babu alizaliwa Bungoma, hapa hapa Magharibi, na hakuwahi kutoka.

"Ndio hivyo. Wakati huo Uganda ilikuja mpaka Naivasha. Halafu London mtu akachukua kalamu, Uganda ikarudi nyuma. Babu yako akawa wa huku bila kuinuka kwenye kigoda."

Nilicheka mpaka githeri ikanipalia. Lakini lile neno lilinikaa.

Zablon alinifundisha pia rangi. Ukitaka mikoa miwili inayopakana isifanane, utadhani unahitaji makopo manane. Hapana. Mikoa saba, rangi tatu zinatosha. Jaribuni wenyewe, mtaona. Ni Nairobi peke yake inayodai rangi ya nne, kwa sababu imebanwa na Kati, Mashariki na Bonde la Ufa, na hao watatu nao wanagusana. Kwa hivyo unabeba makopo matatu makubwa na moja dogo jekundu.

Shida ni kwamba vyama vingi vilikuwa vimeingia, na kila rangi ikawa na mwenyewe. Siku moja nikipaka Magharibi kijani pale Sarang'ombe, vijana wa siasa wakaja, kiongozi wao akaniuliza nimelipwa na nani. Zablon akaja taratibu na kofia yake, akaangalia ukuta, akasema, "Hiyo kijani gani? Hiyo ni sukuma, mboga ya jioni. Ile ni ndizi mbivu, na ile bluu ni sweta ya shule. Mna shida na sukuma?" Wale vijana wakacheka, wakaenda. Tangu hapo kwa wateja wote nikawa nauza sukuma na ndizi.

Na alinionya, "Usipake wilaya hata ukibembelezwa." Wilaya mpya zilikuwa zinatangazwa kwenye mikutano ya hadhara kama uyoga baada ya mvua. Unamaliza kuchora, rangi haijakauka, redio inasema wilaya imezaa pacha. Zablon alipoacha kazi akarudi kwao Nyanza, aliniachia ile seti ya plaiwudi kwenye gunia. "Vipande vinane," alisema. "Ukipoteza kimoja usiniambie."

Sasa ndio nafika Kawangware.

Binti yangu Nekesa alikuwa darasa la nane kwa Madam Rhoda. Shule ya Madam Rhoda ilianzia Kibera, ikajaa, akahamisha madarasa ya juu Kawangware, kwenye ukumbi wa mawe uliokuwa kwenye plot ya mzee mmoja wa huko, mwenye ardhi wa tangu zamani. Wote tulimwita Guka, hata sisi tusio Wakikuyu, kwa sababu alikuwa babu wa kila mtu na mkali kwa kila mtu. Alivaa koti nzito ya kijivu Februari, jua likiwaka.

Madam Rhoda alinijia mbio. Ijumaa mkaguzi wa elimu angekuja kuamua kama shule itaruhusiwa kusajili watoto wake wa darasa la nane kwa mtihani. Shule za jirani zilikuwa zimekataa kuwabeba kwenye orodha zao. Mkaguzi akikataa, watoto kumi na tisa wangengoja mwaka mzima. Nekesa alikuwa mmoja wao, na alikuwa ameshapoteza mwaka tulipobomolewa nyumba. Kila mara aliposikia neno mtihani alishika ncha ya sweta yake. Mimi babake niliona, na roho iliniuma.

"Na Baba Nekesa," Madam akasema, "huyo mkaguzi alikuwa mwalimu wa jiografia. Nasikia akiona ramani anaisoma kama barua ya kutoka nyumbani. Nichoree. Usikosee."

Jumanne nikaenda na gunia, Madam akiwa amewapa watoto mapumziko. Guka akaleta kiti chake, akakaa karibu, akashika kila kipande, akakigeuza, akauliza hiki ni wapi na hiki ni wapi. Nikafurahi kupata mtu wa kupiga naye hadithi. Mkewe akatuletea chai. Nikachora saba. Nikageuka kuchukua Nairobi. Nairobi haikuwepo.

Hapo ndipo jogoo alipoingia kwenye kesi.

Nilitafuta mpaka saa sita. Rangi ilikuwa inakauka kwenye kopo, na nilikuwa na kazi nyingine Soweto mchana. Nikaona kifuniko cha soda chini. Haki ya Mungu, vijana, mtu akiwa na haraka shetani humpa kifaa. Nikakiokota, nikakiweka ukutani, nikazungusha penseli, nikapaka nyekundu. Nairobi ikawa duara safi kabisa. Guka akaja karibu, akainama, akaweka kidole kando ya lile duara upande wa magharibi.

"Na Kawangware iko wapi hapa?"

Nikapima kwa jicho. "Hapa, Guka. Nje kidogo. Imeangukia Mkoa wa Kati."

Uso wake ulifunguka, sijawahi kuona mzee akifurahi hivyo. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Fundi, wewe ndiye mtu wa kwanza kuturudisha nyumbani."

Jumatano jioni Nekesa alirudi nyumbani, akaweka begi chini, akasema, "Baba, Nairobi ni duara?"

"Duara kidogo," nikasema.

"Madam amelia."

Alhamisi asubuhi nilikuwa Kawangware kabla ya kengele. Madam Rhoda alisimama mbele ya ukuta, mikono kiunoni. "Mwalimu wa jiografia, Baba Nekesa! Mwalimu wa jiografia anaingia darasani, anakuta darasa lenyewe limetolewa nje ya Nairobi! Atasema hatujui hata tulipo!"

Nikachukua msasa. Guka akainuka kwenye kiti.

"Ukigusa hiyo ramani," akasema, "shule itafute ukumbi mwingine."

Alisema kwa sauti ya kawaida tu, na ndiyo maana tulimwamini. Nikaweka msasa chini, nikakaa karibu naye. Nikamuuliza Nairobi imemkosea nini.

"Mwaka wa uhuru," akasema, "nililala Kiambu, Mkoa wa Kati, nikaamka Nairobi, na sikuwa nimeonja pombe. Watu wa vigingi walikuja asubuhi. Wakapiga kigingi nyuma ya zizi langu. Wakanywa chai yangu. Nikawauliza hii ni ya nini, wakaniambia ni ya ramani. Nikafikiri Ramani ni jina la mtu." Akatema mate kando. "Baba yangu amezikwa hapa na ni mtu wa Kiambu. Mimi nitazikwa hapo kando yake na nitakuwa mtu wa Nairobi. Nani aliniuliza?"

Nilimfikiria Fundi Zablon na mnyororo wake, nikaona afadhali nisitaje jina lake pale. Nikamwambia habari za babu yangu, aliyekuwa mtu wa Uganda akageuzwa bila kuinuka kwenye kigoda.

Guka akanitazama. Mabega yakaanza kutikisika. "Ngai! Kwa hivyo wewe ni mtu wa Uganda?"

"Kabisa."

"Na unakuja kunichorea Kenya?"

Tulicheka sote wawili mpaka mkewe akachungulia dirishani. Lakini tulipomaliza, aliutazama ukuta na kusema, "Hata hivyo usiguse."

Kumbe Nekesa alikuwa mlangoni muda wote. Akaingia. Mtoto wangu ni mpole, lakini akishaamua jambo, nyoosha mkono umzuie uone. Akamsalimia Guka kwa heshima, akasimama mbele yake.

Guka akamuuliza, "Wewe ni wa huyu mtu wa Uganda? Kwenu ni wapi?"

"Soweto."

"Hapo mmepanga. Nauliza kwenu."

"Soweto, Guka. Nilizaliwa hapo."

"Bungoma je?"

"Nimeenda mara moja, tukizika. Sijui njia." Akashika ncha ya sweta. "Baba ana Bungoma. Wewe una Kiambu. Mimi niko na Nairobi peke yake."

Nilihisi machozi, nikajifanya nachunguza brashi. Sikuwahi kufikiria. Miaka yote ile nachora mikoa, kila siku nikimwambia "sisi watu wa Magharibi", na mtoto alikuwa anatafuta kipande chake kwenye ukuta na baba mtu amekipaka kwa kifuniko cha soda.

Guka aliutazama ukuta. Halafu akajikohoza. "Haya, fundi. Mrudishie mtoto mji wake. Lakini paka vizuri, mji wenyewe tayari ni mbaya."

Nikaazima atlasi ya Madam Rhoda. Sikilizeni hapa, hii ni kazi. Ukitaka kukuza picha ndogo bila mashine, ichore miraba midogo kwa penseli, halafu chora miraba mikubwa ukutani, idadi ileile. Chukua uzi, uupake chaki, watu wawili wauvute, uchape mara moja kama gitaa, unapata mstari ulionyooka kuliko rula. Kisha usichore Nairobi. Chora mraba mmoja tu, sahau uliobaki. Halafu unaofuata. Mtu huogopa kitu kizima, mraba mmoja haumwogopeshi mtu. Nekesa alishika ncha moja ya uzi na Guka akashika nyingine, koti na yote. Tulipofika upande wa magharibi, akaelekeza kwa kidole. "Hapo ingiza ndani kidogo. Zizi lilikuwa hapo."

Ijumaa mkaguzi alikuja, mtu mfupi mwenye miwani. Aliangalia choo, akaangalia madawati, akahesabu madirisha, na kweli, mbele ya ramani akasimama. Alisimama sana hivi kwamba Madam Rhoda alianza kusali kwa midomo. Kisha akamgeukia Guka, aliyekuwa kwenye kiti chake mlangoni.

"Mzee, wewe ni mwenyeji. Hapa tulipo ni Kiambu au Nairobi? Wazee wengi wa huku huniambia Kiambu."

Guka akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akaupapasa mfuko, akamtazama Nekesa.

"Uliza mtoto," akasema. "Ndio kwao."

"Ni Nairobi," Nekesa akajibu, na kwa mara ya kwanza wiki ile hakushika sweta.

Mkaguzi akaweka sahihi. Watoto kumi na tisa walifanya mtihani mwaka huo, na Nekesa alipita vizuri, leo ni nesi na ananikataza chumvi. Mimi nilikata Nairobi mara kadhaa kwa plaiwudi mpya, lakini hakuna iliyokaa sawa na zile saba za Zablon. Siku zote ilibaki mwanya. Nikazoea kuijaza kwa mkono.

Miaka ikaenda. Katiba mpya ikaja, mikoa ikafutwa, zikaja kaunti arobaini na saba. Nani atakata plaiwudi arobaini na saba? Mashine zilikuwa zimeshafika na macho yangu yalikuwa yameshaondoka. Nikaweka gunia chini ya kitanda nikastaafu.

Siku moja nikaitwa Kawangware. Guka alikuwa amezeeka kabisa, amekaa kwenye kiti kilekile, koti ileile, na mbele yake ghorofa zimesimama palipokuwa na ukumbi.

"Mtu wa Uganda," akasema. "Ni kweli serikali imefuta mikoa?"

"Ni kweli, Guka. Hakuna tena."

Akaingiza mkono mfukoni, polepole, akatoa kitu akakiweka kwenye kiganja. Kipande cha plaiwudi, kidogo kama kiberiti, kingo zimelainika kwa kushikwashikwa. Nilikitambua kabla sijakigusa. Nikamkumbuka yule jogoo.

"Guka! Ni wewe?"

"Nilitaka mtusahau nje ya Nairobi," akasema, bila aibu hata kidogo. "Sasa kama mikoa imekwisha, haina kazi kwangu. Chukua."

Nikanyoosha mkono. Lakini kabla sijakifikia, akakunja vidole.

"Ngoja kwanza. Hizo kaunti. Sisi wametuweka Kiambu au Nairobi?"

Ningeweza kumdanganya. Alikuwa mzee, na nilikitaka kile kipande kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Lakini nilimwona Nekesa na ile sweta yake.

"Nairobi, Guka."

Akatikisa kichwa, akacheka kidogo, na akairudisha Nairobi mfukoni.

Alizikwa mwaka uliofuata, kando ya baba yake, na koti yake. Gunia bado liko chini ya kitanda. Mkija nitawaonyesha, lakini msihesabu mkadhani mmeibiwa. Vipande vya Zablon viko saba.